Basketi ya vyuo vya Marekani: kochi anakutaka, biro ya masomo inauliza karatasi



Kila mwaka, wakati mashindano makubwa ya vyuo vya Marekani yanaelekea mwisho, sisi wapenzi wa basketi tunaanza kufuata mchezo mwingine ku telefone: nani anahama chuo, nani anaingia wapi, kwa makuta ngapi. Mwaka 2025 wachezaji wanaume zaidi ya 2,000 wa daraja la kwanza la NCAA walitia majina yao katika portali ya kuhama. Ni soko kabisa. Leo jina liko huku, kesho liko kule, na video za dakika moja zinapita usiku mzima.

Wadogo zetu wanaopiga mpira kwenye viwanja vya saruji vya Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaangalia soko hili na wanajiambia: mimi pia. Hatuwakatazi ndoto. Tunaandika juu ya kuwaambia jambo moja ambalo zile video haziwaambii. Katika soko hili vizuizi karibu vyote vimeanguka. Kimebaki kimoja kikubwa, na ni kile ambacho nchi yetu inakichezea kila siku: karatasi ya masomo.

Vizuizi vilivyoanguka

Tuanze na yale yaliyobadilika, maana ni mengi na yamekwenda haraka.

Zamani mchezaji wa chuo akitaka kuhama, kwanza alipashwa kuomba ruhusa ya chuo chake ili vyuo vingine viongee naye. Kisha akifika kule, alikaa msimu mzima bila kucheza. Kochi yeye alihama siku anayotaka, na mshahara wake ukamfuata. Mchezaji alibaki amefungwa.

Oktoba 2018 portali ikafunguliwa: mchezaji anatoa tu taarifa, jina linaingia, vyuo vinampigia. Aprili 2021 wakakubali kwamba mtu ahame mara moja na acheze palepale. Desemba 2023 tribinali moja ya West Virginia ikasimamisha ile sheria iliyokuwa inawaadhibu wanaohama mara ya pili. Aprili 2024 NCAA yenyewe ikanyoosha mikono: hama mara ngapi unataka, kama uko sawa na masomo.

Upande wa makuta, ni vilevile. Mpaka katikati ya mwaka 2021, mchezaji aliyepokea feza juu ya jina lake alikuwa anahatarisha nafasi yake. Tangu tarehe 1 Julai 2021 anaweza kuuza jina na sura yake kwa matangazo. Juni 2025 hakimu akakubali mapatano makubwa: chuo chenyewe kinaweza kulipa wachezaji wake, wa michezo yote pamoja, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Na mwaka huohuo wa 2025, Thierry Darlan, kijana wa Afrika ya Kati aliyekuwa amecheza kwa kulipwa katika G League, alipata nafasi katika chuo cha Santa Clara. Miaka kumi mbele ya hapo, mtu angesema hiyo ni mzaha.

Kwa hiyo: kuhama kumesamehewa. Feza imesamehewa. Hata aliyekwisha kulipwa anaweza kusamehewa. Sasa rudia kusoma yale maneno machache ya mwaka 2024: *kama uko sawa na masomo*. Hayo hayajasamehewa.

Kisa cha Caleb Love

Wapenzi wa basketi wanamujua Caleb Love. Alicheza misimu mitatu North Carolina, na mwaka 2022 aliifikisha timu yake fainali kwa kuifunga Duke pointi 28 katika nusu fainali. Mwaka 2023 akaingia ku portali. Aprili akatangaza: ninaenda Michigan. Wapenzi wa Michigan wakashangilia. Mwezi wa tano, habari ikageuka: haendi tena. Magazeti ya kule yakaeleza kwamba shida ilikuwa ku mambo ya kukubaliwa na chuo na hesabu ya krediti. Akaenda Arizona, na msimu uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi yao, ile ya Pac-12.

Angalia vizuri. Kochi alikuwa anamutaka. Mchezaji alikuwa anataka. Urefu, mikono, jina, vyote vilikuwako. Na bado ile safari ikakwama ku biro.

Namna gani inakwama? Tueleze polepole, juu hapa ndipo wengi wanapotea.

NCAA inataka mchezaji awe anasonga kuelekea diplome. Akiingia mwaka wa tatu, awe amekwisha kumaliza 40 kwa mia ya masomo ya diplome anayoitafuta. Akiingia mwaka wa nne, 60 kwa mia. Mwaka wa tano, 80 kwa mia. Kama unabaki chuo kilekile, hesabu ni rahisi. Shida inaanza siku unahama, juu chuo kipya ndicho kinachoamua ni masomo gani ya zamani kitayatambua, na kama yanaingia katika diplome unayoifuata.

Tuseme diplome inataka krediti 120. Umesoma miaka mitatu, uko na krediti 90. Ku chuo chako cha zamani uko vizuri sana. Unafika ku chuo kipya, biro ya masomo inafungua releve yako, inasema: sisi tunapokea 60. Hizi zingine hazina nafasi katika programu yetu. Sasa 60 ku 120 ni nusu. Sheria inataka 60 kwa mia, ni kusema krediti 72. Umepungukiwa 12. Utazitafuta wapi kati ya mwezi wa tano na mwezi wa nane? Labda masomo ya likizo, kama yanatosha. Kama hayatoshi, safari imeisha. Pointi zako zote ku kiwanja hazijazi zile krediti 12.

Kuna vyuo ambavyo biro hii ni kali, na vingine inakuwa laini. Wachezaji wamejifunza kuuliza mapema. Na kuna kundi moja ambalo lina raha kuliko wengine: wale waliokwisha kupata diplome ya kwanza. Hao wanahama wakiingia masomo ya juu zaidi, na hakuna mtu anayefungua tena mfuko wao kuhesabu krediti za zamani moja moja. Hata ile zamani ya kukaa msimu mzima, wao walikuwa na njia ya kucheza palepale. Aliyemaliza anahama na diplome mkononi. Aliyekatiza anahama na mfuko unaovuja.

Kuna watu wanaosema hii ni unafiki: chuo kinachukua mamilioni ya televisheni juu ya mgongo wa mchezaji, kisha kinajifanya kinajali krediti zake. Hatusemi wanakosea. Unafiki uko. Lakini sisi tunaona kitu kingine pia, na kinatuuma: kumbe kuna mahali duniani ambapo karani wa biro anaweza kusema hapana mbele ya kochi mwenye jina, mbele ya feza, mbele ya wapenzi elfu mia, na hapana yake ikabaki hapana.

Wakongomani waliopita njia hii

Jambo hili linatugusa karibu kuliko tunavyofikiri.

Dikembe Mutombo, aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024, watu wanamukumbuka kwa kidole chake na mipira aliyoizuia. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1987 alifika Georgetown kwa bursa ya masomo, na alikuwa anataka kuwa daktari. Basketi ilimukuta chuoni. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu ya chuo, alikuwa anajifunza Kiingereza. Alitoka kule mwaka 1991 na diplome ya lugha na diplomasia, kisha Denver wakamuchagua nafasi ya nne. Hospitali aliyojenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilianza kutibu watu mwaka 2007. Mutombo aliingia kwa karatasi, na mpira ukaja nyuma.

Oscar Tshiebwe, mutoto wa Lubumbashi, ndiye Mkongomani aliyejulikana sana kwa kuhama chuo. Januari 2021 alitoka West Virginia akaenda Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Lakini hata yeye alikutana na karatasi, ya namna nyingine: viza ya mwanafunzi haimuruhusu mgeni kufanya kazi ya kulipwa kule ovyo ovyo. Wenzake Wamarekani walipokuwa wanasaini mikataba ya matangazo nyumbani, yeye alingojea mpaka timu iliposafiri Bahamas, Agosti 2022, ndipo akafanya kazi ile nje ya ardhi ya Marekani.

Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekimbia vita akiwa mtoto, alikuwa amekubali kuchezea chuo cha SMU. Mwaka 2014 akaacha, akaenda kucheza Uchina. Yeye alisema anataka kusaidia mama yake. Lakini wakati uleule kulikuwa na mashaka makubwa kama NCAA itakubali masomo ya ile sekondari aliyosoma Texas, na sekondari yenyewe ilifungwa mwaka 2015. Yeye alipata bahati: mwaka huo Denver wakamuchagua nafasi ya saba. Ni wangapi wanakwama hivyo na hawana Uchina wa kuwapokea?

Na Jonathan Kuminga wetu, mzaliwa wa Goma? Yeye hakupita chuoni. Alipita G League Ignite, ile timu iliyotengenezwa juu ya vijana wasiotaka chuo, akachaguliwa nafasi ya saba mwaka 2021, na mwaka 2022 akawa bingwa na Golden State. Tulishangilia wote. Lakini mdogo wetu anayesema "nitafanya kama Kuminga" ajue: Ignite ilifungwa mwaka 2024. Ile barabara haiko tena. Leo makuta yamerudi chuoni, na chuoni kuna biro.

Mutoto wa kwetu anafika na nini?

Mbele ya kuongea juu ya kuhama, kuna kuingia. Na mutoto anayetoka Kongo ana milango mitatu, kila mlango na mwenye ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni NCAA. Kwa daraja la kwanza inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari: lugha, hesabu, sayansi, na mengine. Wastani usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Na hapa wazazi wasikilize vizuri: diplome peke yake haitoshi. Wanataka matokeo ya kila mwaka kuanzia mwaka wa tisa wa masomo. Kwetu, ukihesabu kutoka shule ya msingi, ule ni mwaka wa kwanza wa umanite. Ni kusema buletini za miaka yote ya umanite, katika lugha yake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Wanaangalia pia ulianza mwaka gani na ulimaliza mwaka gani. Mwaka unaokosekana, utaulizwa.

Mlango wa pili ni chuo chenyewe. NCAA ikisema ndiyo, chuo bado kinaweza kusema hapana. Kisha mlango wa tatu ni ambasade, na viza ya mwanafunzi. Na siku utakapohama chuo, hata dosie yako ya uhamiaji inapashwa kuhama pamoja nawe. Mwenzako Mmarekani haijui hiyo shida.

Sasa tuangalie mikononi mwetu. Nani hapa ana buletini zake zote za umanite?

Mtu akikimbia vita anabeba mtoto, anabeba sufuria, anabeba godoro kama mgongo unaweza. Buletini inabaki. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto, maelfu ya nyumba za kaskazini mwa Goma ziliungua na kila kitu kilichokuwa ndani. Januari 2025 Goma ikaangukia mikono ya M23, Februari ikawa zamu ya Bukavu. Wanafunzi wamesambaa: wengine Bujumbura, wengine Kampala, wengine Kinshasa, wengine Kisangani. Shule zingine zimehama mara mbili, mara tatu. Ukimuambia mutoto kama huyo alete releve ya mwaka wa kwanza wa umanite yenye muhuri wa prefe, unamuambia arudi akaitafute ku majivu.

Na hata pasipo vita, pasipo volkano, karatasi yetu ni mgonjwa. Diplome inangojewa miaka, na mtu anatembea na atestasyo mpaka inapasuka ku mikunjo. Kuna mabiro ambako ukifika wanakuuliza kwanza "umekuja na nini?" Kuna pointi zinazonunuliwa. Kuna buletini zinazotengenezwa ku kompyuta usiku mmoja. Anayenunua anafikiri amejisaidia mwenyewe. Kweli ni kwamba amemuharibia yule aliyesoma na taa ya mafuta, juu karani wa ng'ambo akigundua uwongo mmoja kutoka Kongo, dosie kumi za kweli zinazofuata zitakaa mezani mwake bila kuguswa.

Halafu wanakuja wale wanaojiita mawakala. Wanaona mutoto wa miaka 15, mrefu, wazazi hawana kitu. Wanaahidi shule, wanaahidi viza. Mutoto anatoka, anafika mahali ambako masomo hayatambuliwi na mtu, anacheza mashindano miaka miwili, na siku chuo kinauliza releve, hakuna. Wakala hapokei tena telefone. Mutoto ana miaka 19, mbali na nyumbani, na miaka yake ya sekondari haihesabiki. Hii ndiyo hatari tunayoiona mbele ya macho yetu, na hatutaki kungojea mpaka mama mmoja alie ndipo tuandike kominiki.

"Na nyinyi, diplome zenu ziliwapatia nini?"

Tunajua swali hili. Tunaulizwa kila tukiongea na wadogo zetu. Wanatuangalia: muko na lisanse, muko na miaka 25, 26, munakaa kwa wazazi, munauza mitandao na krediti za telefone, na munakuja kutuambia karatasi ni muhimu?

Tunajibu bila haya. Ni kweli, wengi wetu tuko na diplome na hatuna kazi. Lakini tuulize vizuri kwa nini. Hatukukosa kazi juu karatasi ni bure. Tulikosa juu hapa kwetu hakuna anayeisoma. Kazi inatoka kwa simu ya mjomba. Kazi inatoka kwa chama, kwa kabila, kwa bahasha. Dosie yetu inaingia ku dirisha na inakufa ku droo. Mutoto wa mkubwa anapita mlango wa nyuma na hakuna mtu anamuuliza releve.

Sasa linganisha na ile biro iliyomukwamisha Caleb Love. Sisi hatuabudu Marekani, na yale ya vyuo vyao tumekwisha sema. Lakini pale karatasi ilisomwa. Mtu mmoja alikaa, akafungua, akahesabu, akasema hapana kwa mtu maarufu. Kama nchi yetu ingekuwa na mabiro kumi tu yenye tabia hiyo, wengi wetu tungekuwa kazini leo.

Kwa hiyo, mdogo wetu, usiseme karatasi haina maana kwa sababu kaka yako hana kazi. Kaka yako ni mgonjwa wa ugonjwa uleule utakaokukamata ku mlango wa NCAA: nchi ambayo karatasi yake imepoteza heshima. Huko hawaisomi, wanaishuku. Hapa hawaisomi, wanaikalia. Mapambano ni moja.

Tunachodai

Tunadai kwa serikali, kwa wakubwa wa shule, na kwa wakubwa wa mchezo:

1. Kila shule ya sekondari itunze matokeo ya kila mwanafunzi, kila mwaka, ku karatasi na ku kompyuta, na nakala ikae mahali pengine nje ya shule. Vita ikija, volkano ikija, jina la mutoto lisipotee.

2. Diplome itoke kwa wakati unaojulikana, na bei ya kila karatasi iandikwe ku mlango wa biro, kwa franga, mahali kila raia anaweza kuisoma.

3. Watoto waliokimbia vita wapewe ushahidi wa masomo yao pale walipo. Asilazimishwe mtu kurudi mahali alipokimbilia risasi juu ya muhuri.

4. Klabu na federasyo zifungue dosie ya masomo kwa kila mchezaji mwenye chini ya miaka 18. Asitoke nchini mutoto hata mmoja bila jina la shule anayokwenda, jina la anayelipa, na mkataba ambao wazazi wameusoma katika lugha wanayoisikia.

5. Anayeuza pointi na anayetengeneza buletini ya uwongo wafuatwe na sheria, hata kama ana cheo.

Na sisi wenyewe tutafanya nini?

Kudai peke yake haitoshi. Kitu kimoja ambacho wasio na kazi tunacho kwa wingi ni muda. Kuna waliosoma Kiingereza kati yetu, kuna waliosoma hesabu, kuna wenye kompyuta inayowaka siku umeme unapokuwako. Tunapendekeza kwamba katika kila mji, vijana wa harakati wakutane na makochi wa mtaa mara moja kwa wiki, kisha mazoezi. Dakika thelathini tu. Kupiga picha buletini za kila mchezaji na kuzituma mahali pasipoungua. Kuandika orodha ya masomo aliyofanya kila mwaka. Kumuonyesha ni lipi linakosekana kungali mapema, wakati bado ana miaka 14 na siyo siku ya viza. Kusaidia wazazi kusoma mkataba mbele ya kusaini.

Wewe mchezaji, kazi yako ya leo ni ndogo. Ukifika nyumbani, muulize mama buletini ziko wapi. Ya mwaka huu, ya mwaka uliopita, ya mwaka wa kwanza wa umanite. Kama moja haiko, nenda kwa prefe kesho asubuhi ukaiombe, wakati prefe bado ni yuleyule na shule bado imesimama. Wakala akija na maneno matamu, muulize maswali mawili mbele ya wazazi: hiyo shule inatambuliwa na nani, na nikimaliza nitapewa karatasi gani? Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Na wewe mzazi, usikubali mtu akuambie mwanako amezaliwa na mpira peke yake, kwamba darasa linamupotezea wakati. Goti linaweza kuvunjika dakika moja. Kochi aliyemuleta anaweza kufukuzwa. Chuo kinaweza kubadilisha mawazo mwezi mmoja kisha kutangaza, kama tulivyoona. Siku hiyo mwanako atabaki na kile kilichoandikwa.

Tunawapenda wadogo zetu wanaoruka juu. Tunataka siku moja tuangalie ile fainali yao tukishika bendera yetu, na mutoto wa Birere au wa Kadutu au wa Katuba awe kati ya kiwanja. Lakini tunataka pia, siku atakapotaka kuhama chuo, biro ifungue dosie yake, ikute kila mwaka uko pale, kila muhuri ni wa kweli, na karani wa kule aseme neno moja tu: ingia.

Karatasi ya mutoto wa Kongo iheshimiwe, kuanzia hapa nyumbani. Tuamke, tuisimamie.